Alikula Kodi ya Miezi Sita Akanunua Sabufa Mbili, Amplifaya Ikamgomea

Kuna jamaa mmoja wa Tabata Kimanga, jina kapuni. Ni dereva wa mtandao, anaendesha IST rangi ya fedha, gari la mkataba: kila siku elfu 25 kwa tajiri, na akimaliza miaka miwili na nusu bila longolongo gari linakuwa lake. Ana mke fundi cherehani, mtoto wa mwaka na nusu, chumba na sebule. Maisha ya kawaida ya Dar. Hakuna shida kubwa, hakuna hela kubwa.

Kilichomponza ni abiria. Siku hiyo kampakia dada mmoja anatoka Sinza anakwenda Kigamboni, foleni ya kufa mtu, jamaa akaweka ngoma kali ili safari isiboe. Dada wa watu akasikiliza dakika mbili, akasema, "Kaka, muziki wako unasikika kama simu iliyowekwa kwenye kikombe." Akacheka. Hakuwa na nia mbaya. Lakini jamaa alikwenda nalo neno hilo mpaka kitandani.

Kijiweni kwao kulikuwa na mwenzake mwenye IST kama yake, buti limejaa boksi la sabufa. Akipita mtaani hata vioo vya duka la dawa vinatetema. Jamaa akawa anaangalia lile buti kila siku kama mtu anayeangalia nyama choma na mfukoni ana nauli tu.

Basi mwisho wa mwezi ukafika, na ndani ya nyumba kulikuwa na 720,000. Kodi ya miezi sita, elfu 120 kwa mwezi. Mke alimkabidhi mwenyewe, imefungwa kwenye kitambaa, akamwambia, "Mpelekee mama mwenye nyumba leo leo, asije akaanza maneno." Jamaa akasema sawa. Akatoka na gari. Akashuka Kariakoo.

Alijipa moyo kwamba anaikopa tu. Wiki tatu za kukesha, anairudisha, nani atajua?

Dukani hesabu yake ilikuwa hivi. Sabufa za inchi 12, mbili, kila moja imeandikwa wati 1200. Mbili ni 2400. Amplifaya imeandikwa wati 3000, namba kubwa za kung'aa juu ya mfuniko. 3000 kutoa 2400, chenji inabaki 600. Hesabu ya darasa la tatu, akajipa vema. Muuzaji naye akamwambia, "Kaka hapo umemaliza, hiyo hata ukumbi inapiga." Sabufa mbili 300,000. Amplifaya 280,000. Boksi, waya na ufundi 120,000. Ikabaki elfu 20, nayo ikaishia sheli.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapoliwa, kwa hiyo msomaji kaa vizuri. Ile 1200 kwenye sabufa ni namba ya juu kabisa, ile ambayo kifaa kinaweza kuihimili kwa kufumba na kufumbua. Wati za kufanyia kazi, za kupiga wimbo mzima na wimbo unaofuata, zinaandikwa RMS, kwa maandishi madogo, mara nyingi kwenye karatasi ya ndani ambayo hakuna anayeisoma. Kwa sabufa zake RMS ilikuwa 300 kila moja. Na amplifaya? Kwenye mfuniko RMS haikuwepo kabisa. Ni mchezo ule ule wa zile redio za nyumbani zilizoandikwa PMPO maelfu, ukiiwasha inapiga kama redio tu.

Usiku wa kwanza alikuwa mfalme. Barabara ya Mandela, vioo vimepandishwa, nyimbo ya kwanza inapiga mpaka kifua kinajibu. Nyimbo ya pili, karibu na Buguruni, besi ikakata. Kimya. Spika ndogo za mlangoni zinaendelea kulia peke yake kama vile hakuna kilichotokea. Akapaki pembeni, akafungua buti, akakuta taa nyekundu kwenye amplifaya, na ukiigusa ni pasi ya mkaa. Akazima, akasubiri, akawasha. Ikapiga. Dakika kumi, ikakata tena.

Akarudi dukani asubuhi. Muuzaji hata hakuliangalia gari. "Umeme wa gari lako mdogo, unahitaji kapasita." Elfu 60. Ile hela ilikuwa ya tajiri, hesabu ya zaidi ya siku mbili. Kapasita ikafungwa, ina taa ya bluu inayoonyesha volti, inapendeza kweli. Taa nyekundu ikarudi pale pale.

Kapasita si kitu cha uongo, lakini inachoshika ni umeme wa kupepesa jicho. Inasaidia pale besi inapopiga ghafla. Haiwezi kuongeza umeme ambao gari halizalishi, na haiwezi kurekebisha waya zilizounganishwa vibaya. Kwa jamaa ilikuwa pambo la elfu 60.

Mtu aliyemwondolea taa nyekundu alikuwa kijana wa kuosha magari, anayejua jua kidogo mambo ya waya. Alifungua boksi, akabadilisha namna koili zilivyounganishwa, akafunga. Taa haikuwaka tena. Jamaa akampa elfu tano na soda. Shida ikawa moja: besi ilipungua. Haikuwa ile ya usiku wa kwanza. Na kwenye amplifaya kulikuwa na kitufe cha kuzungusha kilichoandikwa "gain". Jamaa akadhani ni sauti, kama ya redio. Akazungusha mpaka mwisho. Pembeni kulikuwa na kingine cha kuongeza besi, nacho mpaka mwisho.

Ikapiga! Ikapiga kwa fujo, siku nne. Siku ya tano, usiku wa saa nne, amempakia baba mmoja na sanduku lake anawahi ndege. Kufika Tazara, harufu. Kama plastiki, kama gundi inaungua, kama nywele. Abiria akasema, "Kijana, gari linaungua hili." Jamaa akazima muziki, akafungua vioo, akamfikisha uwanja wa ndege bila neno. Nyota alizopewa usiku huo ilikuwa moja. Hata huyo baba huwezi kumlaumu.

Alipojaribu tena kesho yake, besi ilikuwepo lakini nusu. Akafungua buti akachungulia: sabufa zote mbili zinacheza, zinaingia na kutoka. Akashukuru Mungu, hakuna kilichoungua. Alikuwa anajidanganya, na sababu yake itakuja.

Jumapili ndiyo siku dunia ilipomdondokea. Yuko nje anaosha gari, mke yuko mlangoni na mtoto mgongoni, mama mwenye nyumba akatokea na kanga yake begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Naona mwezi huu umenisahau."

Mke akageuka. "Si alikuletea tangu tarehe 30, mama?"

Mama mwenye nyumba ni mtu mzima. Aliangalia sura ya jamaa, akaangalia ndoo ya maji, akasema, "Basi mkimaliza mazungumzo yenu mtaniambia," akaondoka. Hilo nalo ni jambo la kumshukuru. Kuna wenye nyumba wangeita mtaa mzima.

Mke hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Aliingia ndani akalaza mtoto, akatoka, akasema, "Fungua buti." Akafungua. Akaangalia lile boksi muda mrefu. Miezi sita ya kulala iko pale mbele yake, imefunikwa zulia jeusi. Kisha akauliza swali moja tu: "Na inafanya kazi?"

Jamaa hakuwa na jibu. Kula kodi ni kosa, lakini kula kodi halafu ulichonunua hakipigi ni fedheha ya aina yake.

Usiku ule mke ndiye aliyetafuta makaratasi. Yalikuwa bado ndani ya kartoni, chini ya kiti cha nyuma. Yeye kazi yake ni cherehani, amezoea kusoma kikaratasi cha mashine kabla hajagusa sindano, maana ukikosea namba ya sindano kitambaa cha mteja kinachanika na wewe ndiye unayelipa. Akasoma. Asubuhi akamwambia, "Hapa wameandika sabufa ina koili mbili za omu nne nne. Kwenye amplifaya wameandika ukiunganisha chaneli zote mbili kuwa moja isipungue omu nne. Yule aliyefunga alijua hili?" Jamaa akamtazama. Wiki tatu, watu watatu wamegusa mzigo ule, hakuna aliyetaja neno omu.

Mke alikuwa na mteja ambaye baba yake ni fundi redio wa siku nyingi kule Buguruni, mzee wa miwani iliyofungwa kwa uzi. Wakaenda wote, mtoto mapajani.

Mzee hakuanza na amplifaya. Alifungua boneti. Akafuata waya mwekundu kutoka kwenye betri kwa kidole, akasimama, akauliza, "Fyuzi ya huku iko wapi?" Hakuna. Waya umetoka moja kwa moja kwenye betri, umepita chini ya zulia mpaka nyuma, bila fyuzi. Hapo mzee ndipo alipokasirika. Waya ule ukichubuka popote ukagusa bodi, betri nzima inamwaga umeme pale, na gari linashika moto mkiwa ndani. Fyuzi kubwa inakaa karibu kabisa na betri, kabla waya haujaanza safari. "Gari lenyewe la nani?" Jamaa akasema la tajiri. Mzee akatikisa kichwa.

Halafu akaja nyuma, akachomoa waya za sabufa, akashika mita. Koili ya kwanza ikasoma 3.5. Ya pili 3.6. Sawa hizo, maana koili ya omu nne ukiipima ikiwa imelala inasoma chini kidogo ya nne. Sabufa ya pili: koili moja 3.5. Nyingine, mita ikakaa kimya.

"Hii imekufa."

"Lakini mzee mbona inacheza? Nimeiona kwa macho."

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza. Akabonyeza taratibu kwa vidole ile sabufa nzima, na ile mbovu ikatoka nje upande wa pili. Boksi lilikuwa moja lisilo na ukuta katikati. Hewa inayosukumwa na mmoja inamtikisa mwenzake. Sabufa iliyokufa ilikuwa inacheza kwa pumzi ya jirani, na mwenye gari kila siku anachungulia anaona mambo safi.

Mke akamwangalia mumewe, hakusema kitu.

Kisha mzee akawaeleza mambo ya omu, na alieleza vizuri kuliko vijana wengi wa mtandaoni. Omu ni ubishi wa waya dhidi ya umeme. Omu zikiwa nyingi umeme unapita kwa shida, zikiwa chache unamiminika. Ukiunganisha koili kwa kufuatana, moja ikimaliza nyingine inaanza, omu zinajumlishwa: nne na nne ni nane. Ukiziunganisha sambamba, chanya zote pamoja na hasi zote pamoja, zinagawanyika: nne na nne inakuwa mbili. Fundi wa dukani alizitupa zote nne sambamba. Nne gawa kwa nne, omu moja. Amplifaya imeandikwa isipungue nne, yeye akaipa moja. Ikawa inavutwa umeme mara nne ya unaoruhusiwa, inachemka, inajizima ili isife. Taa nyekundu ilikuwa inajitetea, na dukani wakamsingizia betri.

Kijana wa kuosha magari alipatia. Alifuatanisha koili za kila sabufa zikawa nane, kisha sabufa mbili sambamba, nane gawa kwa mbili, nne kamili. Ndiyo maana taa ilizimika. Alichokosa kumwambia jamaa ni kile kitufe.

Kitufe kile si sauti. Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na nguvu inayotoka kwenye redio. Ukikizidisha, amplifaya inafika mwisho wa uwezo wake na bado unaidai, basi inaanza kukata vichwa vya mawimbi ya sauti. Mawimbi yaliyokatwa vichwa yanapeleka joto jingi kwenye koili bila kuongeza muziki wa maana, na koili inapikwa. Watu husema sabufa imeungua kwa sababu amplifaya ni ndogo. Hapana. Amplifaya ndogo ikipiga safi haiunguzi kitu. Inayounguza ni ile inayolazimishwa kuwa kubwa.

"Sasa hii 3000 mzee, ni ya kweli?"

Mzee akageuza amplifaya, akamwonyesha fyuzi mbili ubavuni, kila moja ampea 25. Jumla 50. Gari likiwaka linatoa kama volti 13.8. Zidisha: 690. Huo ndio umeme wote unaoweza kuingia kabla fyuzi hazijakata. Na unaoingia haugeuki wote muziki. Kwa amplifaya ya aina ile, karibu nusu yake inaishia kuwa joto. Ukitoa joto unabaki na wati kama 400. Hiyo 3000 ingetoka wapi? Mfuniko unaweza kuandikwa chochote, fyuzi haijui kudanganya.

Lakini ndiyo sehemu iliyomshangaza jamaa: mzee hakumwambia anunue nyingine. 400 kwa sabufa mbili ni 200 kila moja, nazo zinabeba 300. Zinatosha, hata kwa kusikilizana. Kama angekuwa anaanza upya, mzee alisema, angetafuta amplifaya ya chaneli moja yenye RMS 600 kwenye omu moja, hapo koili zote nne sambamba zingekuwa sahihi, na waya mnene zaidi, na alteneta ya IST ingesikia uzito. "Lakini wewe huanzi upya, wewe unadaiwa kodi."

Alijuaje? Mke alikuwa ameshamwambia.

Siku ile alifanya machache. Waya mwembamba akautoa, akaweka mnene, maana alipima akakuta betri ina 13.9 na kwenye amplifaya besi ikipiga inafika 11.2, njiani kote umeme unaliwa. Fyuzi ya ampea 50 jirani na betri. Waya wa ethi ulikuwa umefungwa juu ya rangi, akakwangua mpaka chuma cheupe. Sabufa mbovu akaichomoa. Ile nzima ikabaki peke yake, koili zikifuatana, omu nane.

Kisha kitufe. Besi ya kuongeza, sifuri. Kichujio, hezi 80, ili sabufa ipige ya chini tu na sauti za watu ziachiwe spika za mlangoni. Sabufa akazichomoa kabisa, redio akaiweka robo tatu ya sauti, simu ikapiga mlio mmoja wa hezi 50, mita ikawekwa kwenye volti za AC. Wati 400 mara omu nne ni 1600, kipeuo chake cha pili ni 40. Akazungusha taratibu mpaka mita ikasoma 40, akasimama. Kwa omu nane volti hizo hizo zinatoa wati 200, salama kwa sabufa moja. Kitufe hakikufika hata nusu.

Akawasha muziki. Sabufa moja, na ilikuwa safi kuliko zile mbili za fujo. Gitaa la besi lilisikika noti kwa noti. Mzee akatoza elfu 15 ya mkono na elfu 40 ya vifaa. Kusuka koili iliyokufa, akasema, ni elfu 40 nyingine, wakiwa tayari.

Hawakuwa tayari. Wakiwa njiani mke akasema kwenye kibubu chake kuna 200,000. Alikuwa anaziweka za mashine ya ovaloki, aache kupeleka nguo za wateja kwa jirani kukatiwa pindo. Mwaka mzima wa kuweka. Jamaa akasema hapana. Mke akasema, "Sikukuuliza."

Kapasita ya taa ya bluu iliuzwa elfu 35 kijiweni, kwa yule yule mwenye buti la kutetemesha maduka. Wiki mbili jamaa alikesha, na mama mwenye nyumba akakubali miezi mitatu kwanza, 360,000, kwa sharti kwamba safari ijayo kodi italetwa na mke. Hilo nalo likaandikwa kwenye daftari lake, jamaa akiwa amesimama pale pale.

Sabufa mbovu ilikaa chini ya kitanda miezi minne. Jamaa alirudisha kwanza 200,000 kwenye kibubu, noti za elfu kumi kumi, na mke alikuwa anazihesabu mbele yake bila haya. Mashine ya ovaloki iliingia ndani mwezi wa tano. Wiki iliyofuata mke akavuta ile sabufa kutoka chini ya kitanda, akaipangusa vumbi, akaiweka mlangoni. "Ipeleke kwa mzee. Pale chini nataka kuweka vitambaa."

Mzee aliisuka, akaipima mpaka iliposoma 3.5 kama wenzake, akarudisha uunganisho wa omu nne. Kitufe hakukigusa. Alipima tu, mita ikasoma 40 vile vile.

Usiku ule walipita Mandela wote watatu, taa za dashibodi zimetulia, hazipepesi tena besi ikigonga. Buguruni ikapita. Jamaa mkono ukaenda kwenye redio, akaongeza kidogo. Mke alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, anasikiliza, mguu wake unagonga gonga chini.

"Punguza," akasema. "Mtoto amelala."